Ugonjwa wa Parkinson: Namna Hitilafu ya Mitokondria Inavyoangamiza Seli za Ubongo

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mzee anapoanza kutetemeka mkono, kuburuta miguu na kuchukua muda mrefu kufunga vifungo vya shati, familia nyingi za Sinza, Temeke na kwingineko nchini husema ni uzee. Nyingine husema amerogwa. Utafiti wa zaidi ya miaka 40 umetoa maelezo tofauti: ndani ya ubongo wa mgonjwa, kundi dogo la seli linashindwa kujizalishia nishati ya kutosha na linakufa kidogo kidogo, tangu miaka mingi kabla ya mkono kuanza kutetemeka.

Makala haya yanaeleza jinsi hitilafu katika mitokondria, ambazo ndizo mitambo ya nishati ya seli, inavyochangia kifo cha seli za neva katika ugonjwa wa Parkinson, na kwa nini maelezo hayo yana umuhimu kwa mwananchi anayemhudumia mgonjwa nyumbani.

Ugonjwa wenyewe

Ugonjwa huu umepewa jina la James Parkinson, tabibu wa London aliyeueleza kwa maandishi mwaka 1817. Kila tarehe 11 Aprili, siku aliyozaliwa, dunia huadhimisha Siku ya Parkinson. Dalili zake kuu ni mwili kuwa mzito na mwendo kupungua kasi, viungo kukakamaa, kutetemeka hasa mkono unapokuwa umetulia, na baadaye kukosa uthabiti wa kusimama na kutembea. Sauti inaweza kufifia, mwandiko ukawa mdogo na uso ukapoteza bashasha hata kama mgonjwa hana huzuni.

Zipo pia dalili zinazotangulia kwa miaka, nazo ni rahisi kupuuzwa: kupotewa na uwezo wa kunusa, choo kuwa kigumu kwa muda mrefu, na kupiga kelele au kurusha mikono usingizini.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na vifo vilivyotokana nao katika mwaka huo vilikadiriwa kuwa 329,000, idadi iliyoongezeka zaidi ya maradufu tangu mwaka 2000. Kwa kuwa umri ndio kihatarishi kikubwa kuliko vyote, nchi ambayo watu wake wanaishi muda mrefu zaidi, ikiwemo Tanzania, inapaswa kutarajia wagonjwa wengi zaidi.

Walichokikuta watafiti wilayani Hai

Tanzania ni miongoni mwa nchi chache za Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara ambako ugonjwa huu umewahi kutafutwa nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ilifanyika katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, katika eneo lenye wakazi 161,071, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Watafiti waliwabaini wagonjwa 33: wanaume 23 na wanawake 10.

Idadi hiyo inaweza kuonekana ndogo. Jambo zito zaidi ni kwamba zaidi ya robo tatu ya watu hao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtaalamu yeyote wa afya kwamba wana Parkinson. Walikuwa wakiishi na ugonjwa usio na jina, bila dawa ambayo ingeweza kuwarejeshea sehemu kubwa ya uwezo wao wa kutembea, kula na kuvaa.

Utafiti mwingine katika eneo hilohilo, uliochapishwa mwaka 2011, ulisikiliza maelezo ya wagonjwa, wanaowahudumia na jamii inayowazunguka. Wengi waliujua kama ugonjwa wa kutetemeka, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ulikuwemo uchawi. Imani hiyo ina gharama. Mgonjwa anayedhaniwa kurogwa huzungushwa kwa waganga kwa miaka, na familia hutumia fedha na kuvunja undugu kwa kumtafuta mchawi ambaye hayupo.

Mitokondria ni nini?

Kila seli ya mwili inahitaji nishati ili iishi. Chakula tunachokula husagwa hadi kuwa sukari na mafuta, kisha ndani ya seli, vijisehemu vidogo viitwavyo mitokondria hutumia oksijeni tunayovuta kugeuza chakula hicho kuwa kemikali iitwayo ATP, ambayo ndiyo nishati inayotumiwa na seli. Seli moja inaweza kuwa na mamia au maelfu ya mitokondria.

Kazi hiyo hufanyika kwa hatua. Ndani ya utando wa mitokondria upo mnyororo wa vituo vya protini vinavyopokezana elektroni, kila kimoja kikikabidhi kwa kinachofuata, hadi elektroni hizo zinapoipata oksijeni mwishoni. Kituo cha kwanza katika mnyororo huo huitwa Kompleksi I, nacho ndicho kitovu cha habari hii.

Kompleksi I ikidhoofika hutokea mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, ATP inayozalishwa hupungua. Pili, elektroni huvuja kabla ya kufika zinakotakiwa na kuzalisha molekuli kali za oksijeni, ambazo huharibu protini, mafuta na vinasaba vya seli kama kutu inavyokula bati. Mitokondria zina vinasaba vyake zenyewe, ambavyo mtu huvirithi kwa mama, na kwa kuwa vipo karibu na mahali molekuli hizo zinapozalishwa, ndivyo huwa vya kwanza kudhurika. Mtambo uliodhurika hutoa molekuli kali zaidi, nazo huudhuru zaidi.

Kwa nini seli hizi na si nyingine?

Ubongo una takriban seli za neva bilioni 86. Seli ambazo kufa kwake huleta shida ya mwendo katika Parkinson ni chache mno: zipo katika eneo dogo chini ya ubongo liitwalo substansia nigra, yaani dutu nyeusi, na jumla yake hukadiriwa kuwa kati ya 400,000 na 600,000 tu. Seli hizo hutengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha ubongo kuanzisha na kuratibu mwendo wa mwili. Mitokondria zipo karibu katika kila seli ya mwili, hivyo linabaki swali la kwa nini hizi ndizo huathirika kuliko nyingine. Majibu ya watafiti yako katika maeneo matatu.

La kwanza ni ukubwa wa kazi. Seli moja ya dopamini ina mzizi wenye matawi mengi kupita kiasi, na inakadiriwa kuwa kwa binadamu seli moja inaweza kuwa na sehemu za mawasiliano zaidi ya milioni moja. Matawi yote hayo yanahitaji nishati usiku na mchana. Ni sawa na transfoma moja ya mtaa kulazimishwa kuhudumia kata nzima: inaweza kumudu, lakini haina akiba.

La pili ni kwamba seli hizi hazipumziki. Hujiamsha zenyewe mara kadhaa kwa kila sekunde, na kila zinapojiamsha huruhusu madini ya kalsiamu kuingia ndani. Kalsiamu hiyo sharti itolewe nje kwa kutumia ATP, na mzigo huo huangukia mitokondria.

La tatu ni dopamini yenyewe. Isipohifadhiwa vizuri ndani ya vifuko vyake, hubadilika kuwa kemikali zenye sumu zinazodhuru mitokondria. Seli inayoizalisha hulazimika kuishi na hatari hiyo maisha yake yote.

Umri unapoongezwa juu ya mambo hayo matatu, picha hukamilika. Mwaka 2006, tafiti mbili zilionesha kuwa seli za substansia nigra za watu wenye umri mkubwa hujikusanyia mapengo katika vinasaba vya mitokondria, yaani vipande vilivyopotea, na kwamba seli zenye mapengo mengi hushindwa kutumia oksijeni ipasavyo.

Ushahidi ulivyopatikana

Ushahidi wa kwanza wenye nguvu ulitokea kwa bahati mbaya. Mwaka 1982, kaskazini mwa California nchini Marekani, vijana kadhaa walifikishwa hospitalini wakiwa wamekakamaa na hawawezi kusogea wala kusema, kama wazee walioishi na Parkinson kwa miaka mingi. Daktari J. William Langston na wenzake waligundua kuwa wote walikuwa wamejidunga dawa ya kulevya iliyotengenezwa kienyeji, iliyochanganyika na kemikali iitwayo MPTP. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1983.

Uchunguzi uliofuata ulibaini kuwa MPTP hubadilishwa ndani ya ubongo kuwa sumu inayofanana kiasi na dopamini. Seli za dopamini huipokea kama kitu chao, nayo ikishaingia huenda moja kwa moja kwenye mitokondria na kuzuia Kompleksi I. Kwa mara ya kwanza, dunia ilikuwa na uthibitisho kwamba kuuzima mtambo huo kunaweza kumsababishia binadamu hali inayofanana na Parkinson.

Kilichobaki kujulikana ni kama jambo hilo hutokea pia kwa wagonjwa wa kawaida, ambao hawakuwahi kugusa sumu hiyo. Mwaka 1989, watafiti wa London walipima ubongo wa wagonjwa waliofariki na kukuta kwamba utendaji wa Kompleksi I katika substansia nigra ulikuwa umepungua, kwa takriban theluthi moja.

Utupa, mmea tunaoufahamu

Ushahidi mwingine unagusa mmea unaofahamika sana katika maeneo yetu. Utupa ni mmea ambao tangu zamani wavuvi walitwanga majani yake na kuyatumbukiza majini ili samaki walewe na kuelea, na wakulima waliutumia kuua wadudu wa mazao. Majani hayo yana rotenoni na kemikali za jamii yake. Samaki hukosa nguvu ndani ya maji yenye oksijeni ya kutosha kwa sababu rotenoni huzuia Kompleksi I ya mitokondria zao: oksijeni ipo, lakini mtambo wa kuitumia umezimwa.

Mwaka 2000, watafiti nchini Marekani waliwapa panya rotenoni kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ingawa sumu hiyo ilifika katika ubongo wote, seli za dopamini ndizo zilizokufa kwa wingi, na panya hao wakaonesha dalili zinazofanana na Parkinson. Mwaka 2011, utafiti kuhusu watu wanaofanya kazi na viuatilifu vya kilimo nchini humo ulionesha kuwa waliotumia rotenoni au kiuagugu cha parakwati walikuwa na uwezekano wa takriban mara 2.5 wa kupata Parkinson ikilinganishwa na wasiovitumia.

Hii haina maana kwamba kila aliyewahi kushika utupa ataugua. Ina maana kwamba kujikinga na viuatilifu ni kuulinda pia ubongo, na ujumbe huo unawahusu hata wakulima wa mbogamboga katika mabonde ya mito ya Dar es Salaam: vaa kinga, fuata maelekezo ya kibandiko, tumia viuatilifu vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), na usitumie chombo cha sumu kuhifadhia maji au chakula. Aidha, kuvua samaki kwa sumu ni kosa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Kazi ya usafi inaposhindwa

Mitokondria huharibika kila siku katika mwili wa kila mtu. Seli yenye afya ina utaratibu wa kuzitambua zilizoharibika na kuziondoa. Protini mbili ndizo zinazoongoza kazi hiyo. Ya kwanza, PINK1, hujikusanya juu ya mitokondria iliyopoteza nguvu, kama mkaguzi anayeweka alama. Alama hiyo huiita protini ya pili, pakini, ambayo huibandika mitokondria hiyo vibandiko vya kuonesha kuwa ni taka, kisha hupelekwa kwenye vifuko vya seli viitwavyo lisosomu na kuyeyushwa.

Jeni ya pakini iligunduliwa nchini Japani mwaka 1998 kwa wagonjwa walioanza kuugua wakiwa vijana, na uhusiano wa PINK1 na ugonjwa huu ulitangazwa mwaka 2004. Mtu aliyerithi hitilafu ya jeni mojawapo kutoka kwa baba na mama pia anaweza kupata Parkinson kabla ya miaka 40. Mkazi yeyote wa mjini anaelewa kinachotokea: gari la taka lisipopita, takataka hujaa mtaani na hatimaye huathiri hata nyumba zilizokuwa safi.

Mwaka 2023, utafiti uliowahusisha wagonjwa wengi wa Nigeria ulibaini badiliko katika jeni ya GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson kwa watu wenye asili ya Afrika. Jeni hiyo inahusika na lisosomu, mahali ambapo taka za seli huyeyushwa. Ugunduzi huo haukuwezekana kwa miaka mingi kwa sababu tafiti nyingi za jeni zilifanyika kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kwa sasa Tanzania ni miongoni mwa nchi saba za Afrika zinazoshiriki mradi wa utafiti wa TraPCAf, pamoja na Afrika Kusini, Ethiopia, Ghana, Kenya, Misri na Nigeria.

Ni muhimu kusisitiza kwamba mitokondria si sababu pekee. Ndani ya seli zinazokufa hukutwa mabonge ya protini iitwayo alfa-sinukleini. Mabonge hayo huzidhuru mitokondria, na mitokondria zilizodhurika huchochea mabonge zaidi. Nishati inaposhuka chini ya kiwango fulani, seli hushindwa kutoa kalsiamu nje, mitokondria hupasuka na kumwaga kemikali zinazoiamuru seli ijiue. Kwa wagonjwa wengi hakuna chanzo kimoja kinachoweza kutajwa. Umri, urithi na mazingira hukutana mahali pamoja.

Kwa nini dawa husaidia lakini haiponyi

Mwendo huanza kuharibika waziwazi pale takriban nusu ya seli za dopamini, au zaidi, zinapokuwa zimekwisha kufa. Kabla ya hapo, zilizobaki hufanya kazi ya ziada na kuficha upungufu. Ndiyo maana ugonjwa huonekana kama umeanza jana, ilhali ulianza miaka mingi nyuma.

Dawa kuu ya matibabu, levodopa, hugeuzwa kuwa dopamini ndani ya ubongo. Huchanganywa na kabidopa au dawa inayofanana nayo ili isigeuzwe kabla ya kufika huko, na mchanganyiko wa levodopa na kabidopa umo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya WHO. Dawa hii hufidia kilichopungua na inaweza kumrejeshea mgonjwa uwezo wa kutembea na kujihudumia, lakini haizifufui seli zilizokufa wala kutengeneza mitokondria. Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kusimamisha vifo vya seli hizo.

Jambo hili linahitaji kueleweka vyema kwa kuwa wapo wanaouza matumaini. Kirutubisho cha Q10, ambacho hushiriki katika mnyororo wa nishati wa mitokondria, kilijaribiwa kwa wagonjwa 600 huko Amerika Kaskazini. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionesha kwamba hakikupunguza kasi ya ugonjwa. Mwananchi anayeambiwa kuwa kopo la virutubisho litaponya Parkinson anapaswa kulifahamu jambo hilo kabla hajatoa fedha.

Mbegu za upupu nazo zina levodopa ya asili, na kwa karne nyingi zimetumika katika tiba za jadi za India. Watafiti wanazichunguza kama msaada kwa wagonjwa wasiomudu vidonge. Hata hivyo, kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na dozi isiyopimwa inaweza kuleta kichefuchefu, kushuka kwa shinikizo la damu au kuchanganyikiwa. Zisitumike bila usimamizi wa daktari.

Mwananchi afanye nini

Mtu mwenye dalili zilizotajwa anapaswa kufika katika kituo cha kutolea huduma za afya kilicho karibu naye. Kwa mkazi wa Sinza, hatua ya kwanza inaweza kuwa Hospitali ya Sinza, maarufu kama Palestina. Kutoka ngazi hiyo, mgonjwa anaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambako wapo madaktari bingwa wa mfumo wa fahamu. Hakuna kipimo cha damu kinachotosha kuthibitisha Parkinson. Daktari huitambua kwa kusikiliza historia na kumchunguza mgonjwa anavyotembea na kutumia viungo. Si kila kutetemeka ni Parkinson: matatizo ya tezi ya shingo na baadhi ya dawa huleta dalili zinazofanana nao, na baadhi hutibika kabisa.

Wahudumu wa mgonjwa nyumbani wazingatie yafuatayo:

- Dawa itolewe kwa saa zilezile kila siku, na isisitishwe ghafla bila ushauri wa daktari.
- Levodopa imezwe walau nusu saa kabla ya chakula, kwa kuwa nyama, maharage na vyakula vingine vya protini vinaweza kupunguza ufyonzwaji wake.
- Kila daktari au mfamasia aambiwe kuwa mgonjwa ana Parkinson. Baadhi ya dawa, ikiwemo metoklopramidi ya kuzuia kutapika na haloperidoli, huzuia dopamini na zinaweza kumzidishia hali.
- Mgonjwa ahimizwe kutembea na kufanya mazoezi kila siku kadiri anavyoweza, na vitu vinavyoweza kumkwaza viondolewe sakafuni.
- Huzuni na kukosa usingizi ni sehemu ya ugonjwa na vina matibabu; visichukuliwe kuwa ni ukaidi.

Sera ya Taifa ya Afya ya mwaka 2007 inatambua msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee wenye umri wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Familia inayohitaji msaada huo ianzie kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yake au aliyepo hospitalini.

Wagonjwa waliobainika Hai walipatikana kwa sababu watafiti walipita nyumba kwa nyumba. Katika jiji kubwa kama Dar es Salaam, wa kwanza kuona dalili ni watu wa nyumbani na majirani. Mzee aliyepungua kasi ya mwendo, aliyefifia sauti na anayetetemeka mkono akiwa ametulia hastahili kunyooshewa kidole wala kuachwa kwa maelezo kwamba umri umekwenda. Apelekwe hospitali achunguzwe, kwa kuwa dawa ya kumrejeshea sehemu ya uwezo wake ipo.